Ubao Unasema Sifuri, Vidole Vinasema Mengine

Maswali ya wasomaji kuhusu usalama kazini. Anayejibu alianza kazi kama muuguzi wa zahanati ya shamba la mkonge mkoani Tanga, kisha akawa ofisa usalama wa kiwanda jijini Dar es Salaam kwa miaka 19.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni msimamizi wa zamu kwenye karakana ya samani, Keko, Dar es Salaam. Tuko watu 46. Getini kuna ubao umeandikwa "Siku bila ajali" na leo umefika 412. Kila mwezi ukipita bila ajali, ofisi inampa kila mtu kilo tano za mchele na lita moja ya mafuta. Juzi kijana wangu alikatwa na msumeno wa meza kwenye ncha ya kidole gumba. Akajifunga kitambaa, akanisihi nisiandike, maana wenzake watamchukia. Mwezi uliopita walikuwa wawili, nao hatukuwaandika. Mkurugenzi anajivunia ubao ule, kila mgeni lazima apitishwe pale. Je, niandike? Na je, sisi wa siku 412 si salama kuliko karakana ya jirani, ambako kila wiki wanaandika kitu? (Msimamizi, Keko)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Andika. Andika yule wa juzi na wale wawili wa mwezi uliopita, kwa tarehe zao, hata kama wino utatofautiana. Na kabla ya kuandika, mpeleke kijana akasafishwe kidonda na apigwe sindano ya pepopunda. Kitambaa cha karakana kina vumbi, gundi na vanishi. Hicho si bendeji.

Nakujibu kwa uharaka kwa sababu ubao wa namna hiyo nami niliwahi kuwa nao. Kiwanda chetu kilikuwa kikitengeneza sufuria za alumini, na kila asubuhi kabla ya chai mimi ndiye niliyefuta namba ya jana kwa kitambaa chenye maji na kuandika mpya kwa chaki. Zawadi yetu ilikuwa sukari, kilo mbili kwa mtu. Niliipenda namba ile. Ilipofika 200 nilimwita mpiga picha.

Siku moja ya Ijumaa nimesimama kwenye foleni ya chai, nikasikia harufu. Mtu aliyewahi kufanya kazi ya vidonda haisahau harufu ile. Mbele yangu alikuwa kijana wa mashine ya kukata miduara ya bati, umri wake miaka 22, mkono wa kushoto kautia mfukoni. Nikamwambia, mwanangu, hebu nione mkono. Akacheka, akasema ni kitu kidogo. Alipoutoa, kidole cha shahada kilikuwa kimefungwa kwa utepe wa mfuko wa polo, kimevimba hadi kucha imezama, na mstari mwekundu umepanda kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko. Alikatwa Jumatatu. Alikuwa anamwagia petroli kila jioni, kaambiwa inaua wadudu. Hospitali walikikata kidole kwenye kiungo cha pili. Nilipokwenda kumjulia hali aliniambia, "Mama, zilikuwa zimebaki siku tisa tu tugawiwe sukari."

Zilikuwa zimebaki siku tisa, na namba zile nilikuwa naziandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Niliporudi nilikwenda kwa meneja nikamwomba vitu viwili: ubao ushushwe, na sukari iendelee kutolewa bila sharti. Hakukubali siku ile, alikubali wiki ya pili. Kisha nikazunguka kila idara na daftari, nikasema anayekatwa, anayeungua, anayeteleza, hata anayekoswakoswa tu na kitu kikamwangukia pembeni, aje aniambie na hatapoteza chochote. Mwezi wa kwanza nilijaza mistari 31. Mtu ambaye angetazama daftari lile tu angesema kiwanda kimeharibika, jana sifuri, leo 31. Lakini mistari 14 kati ya hiyo ilitoka kwenye mashine moja, ile ile iliyomchukua kijana kidole. Kava yake ilikuwa imefunguliwa muda mrefu kwa sababu vipande vya bati vilikuwa vinakwama ndani, bolti zikapotea, na hakuna aliyeirudisha. Fundi wetu wa kuchomelea alitengeneza kava mpya ya wavu, yenye mlango mdogo wa kutolea vipande bila kuingiza mkono. Kazi ya siku moja. Taarifa ile tungeipata mapema kama watu wangekuwa huru kuja kwangu na mikwaruzo yao.

Ndiyo maana nakuambia usimdharau jirani anayeandika kila wiki. Inawezekana ana mashine mbovu kuliko zako. Inawezekana pia zako ni mbovu kuliko zake, ila yeye anajua wapi panapouma nawe hujui. Ukitaka kujua nani ni salama usitazame ubao. Tazama kava za misumeno, tazama mikono ya watu, kisha uliza taarifa ya ajali ya mwezi uliopita ilibadilisha nini.

Mkurugenzi wako akisema namba ndogo ndiyo fahari ya kampuni, msimulie habari ya mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon, katika Ghuba ya Mexico. Tarehe 20 Aprili 2010 wakubwa wa kampuni walikuwa wamefika pale baharini, na moja ya mambo yaliyowapeleka ni kuwapongeza wafanyakazi kwa kumaliza miaka saba bila ajali ya kumweka mtu nje ya kazi. Usiku wa siku hiyo hiyo mtambo ulilipuka. Watu 11 walikufa na mafuta yakamwagika baharini kwa karibu miezi mitatu. Ile namba ya miaka saba ilihesabu kuteleza na kukatwa. Haikusema lolote kuhusu kisima kilichokuwa kikisukuma gesi kutoka chini. Kwa hiyo hata ukihesabu vizuri mikwaruzo yote, bado kuna hatari ambazo hazitoi mikwaruzo kwanza. Kuanguka kutoka juu, shoti ya umeme, moto kwenye stoo ya thina na vanishi. Hizo hazisubiriwi daftarini, zinakaguliwa kwa macho.

Sasa msumeno wenyewe. Watu wako watatu ndani ya miezi miwili, na nina hakika ukiuliza utakuta ni mashine hiyo hiyo. Kaangalie leo: kava ya juu ipo? Nyuma ya msumeno kuna kile kisu chembamba kinachotenganisha ubao ukishapasuliwa, ili usibane meno na kurushwa nyuma kwa aliyesimama? Mafundi wengi hukitoa wakidhani kinachelewesha kazi. Meno ya msumeno yasizidi sana unene wa ubao unaopasuliwa. Karibu na mashine kining'inizwe kipande cha mti cha kusukumia, chenye pengo mbele kama mdomo, ili ubao ukibaki mfupi mkono usifike kwenye meno. Kidole gumba hukatwa sentimita 20 za mwisho, pale mtu anapomalizia kipande kidogo na akili imeshahamia ubao unaofuata. Swichi ya kuzimia iwe mahali unapoweza kuifikia bila kuinama. Na maranda yafagiliwe kabla hayajawa zulia, kwa maana anayeteleza mbele ya msumeno hushika kilicho karibu.

Kuhusu mchele, usiende ofisini kuomba ufutwe, watu wana familia. Omba ubadilishwe unakotoka. Utolewe kwa kundi lililoleta taarifa ya hatari na hatari hiyo ikaondolewa ndani ya mwezi. Hapo yule kijana wa kidole gumba, badala ya kuchukiwa na wenzake, atakuwa ndiye aliyewaletea mchele.

SWALI: Habari za kazi mama. Ni karani wa rasilimali watu, Morogoro. Kampuni yetu ina viwanda viwili. Kidogo kina watu 80, na mwaka jana walioumia wakakosa kazi angalau siku moja ni 6. Kikubwa kina watu 900, walioumia ni 27. Meneja wa kile kidogo anasema chake ndicho salama, 6 na 27 wapi na wapi. Kile kidogo kinafanya zamu za saa 12, kikubwa saa 8, wote siku sita kwa wiki. Nimeagizwa niandike ripoti, na nieleze sekta zipi ni za hatari zaidi ili tujilinganishe. Nianzie wapi? (Karani, Morogoro)

JIBU: Anzia kwenye kugawanya, mwanangu. Idadi ya walioumia peke yake haisemi kitu mpaka uijue idadi ya waliokuwa kazini. Chukua 6 ugawe kwa 80, uzidishe kwa 1,000, unapata 75. Chukua 27 ugawe kwa 900, uzidishe kwa 1,000, unapata 30. Kwa hiyo katika kila wafanyakazi 1,000, kiwanda kidogo kinaumiza 75 na kikubwa 30. Meneja wako amekosea, tena kwa mbali.

Lakini usiishie hapo, maana hapo nawe utamwonea. Watu wake wanakaa mbele ya mashine saa nyingi zaidi, basi hesabu ya haki ni ya saa. Saa 12 kwa siku 26 kwa miezi 12 ni saa 3,744 kwa mtu, mara 80 ni 299,520. Wale wa saa 8 ni saa 2,496 kwa mtu, mara 900 ni 2,246,400. Gawa walioumia kwa saa hizo, zidisha kwa 1,000,000. Kiwanda kidogo kinapata kama 20, kikubwa kama 12. Bado kidogo ni kibaya zaidi, ila pengo limepungua. Sehemu ya pengo lile ilikuwa ni saa tu. Kwenye ripoti halisi toa siku za likizo na za ugonjwa, tumia saa zilizofanywa kweli.

Jihadhari na mtego mmoja ambao nimewaona watu wazima wakiuingia. Wamarekani huzidisha kwa saa 200,000 badala ya milioni moja. Wamechukua watu 100 wanaofanya saa 40 kwa wiki 50. Kwa kipimo hicho kiwanda chako kidogo kingesoma 4 na kikubwa 2.4. Mtu akichukua 4 ya hapa akailinganisha na 12 ya pale, atamkabidhi cheti cha usalama anayestahili kufungiwa mashine. Kila namba unayoandika, andika pembeni yake umezidisha kwa ngapi.

Halafu kuna jambo hukuniuliza, lakini limo ndani ya barua yako na siwezi kulipita. Saa 12 kwa siku sita ni saa 72 kwa wiki, 288 kwa wiki nne. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 kwa wiki, na saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne. Jumla yake ni 230. Kiwanda chenu kimevuka kwa saa 58. Mtu aliyechoka mkono wake huwa mzito kurudi nyuma, na hilo halihitaji ripoti kulijua. Weka aya hiyo kwenye ripoti, uiweke ukurasa wa kwanza.

Kuhusu sekta. Shirika la Kazi Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu karibu milioni 3 walikufa kutokana na kazi zao. Kati yao 330,000 hivi waliuawa na ajali. Kilimo, ujenzi, misitu na uvuvi, pamoja na viwanda, ndizo zinazobeba zaidi ya asilimia 60 ya vifo hivyo vya ajali. Ujenzi sisi hatuhitaji kukumbushwa. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Machimbo nayo, wa Mirerani wanajua, mvua za 1998 na za 2008 zilijaza maji mashimo na kuwazika humo makumi ya wachimbaji.

Nchi zinazohesabu kwa muda mrefu zinaonyesha sura ile ile. Uingereza, katika mwaka ulioishia Machi 2024, walikufa kazini watu 138. Ujenzi ulichukua 51, na katika wote 138, walioanguka kutoka juu walikuwa 50. Marekani mwaka 2022 walikufa 5,486, sawa na 3.7 kwa kila wafanyakazi 100,000, lakini ukiwachukua wakata magogo peke yao ni kama 100 kwa kila 100,000. Hapo ndipo uone wastani wa nchi unavyoweza kumfunika mtu mwenye shoka. Wala usichukue 3.7 ya Marekani ukaipambanisha na ya Uingereza. Wamarekani wanahesabu na waliokufa barabarani wakiwa kazini, na vifo vya usafiri kwao ni zaidi ya theluthi moja ya vyote. Waingereza ajali za barabarani hawaziingizi katika idadi ile.

Kwa kujilinganisha, vifo vinaaminika kuliko vidole, kwa sababu marehemu ni vigumu kumficha na kidole ni rahisi. Kama umesoma jibu la kwanza umeshanielewa. Kabla ya kukisifu kiwanda kikubwa kwa 12 yake, nenda zahanati iliyo karibu nacho uulize wanafunga vidonda vingapi kwa mwezi vya watu wenye ovaroli zenu.

Na hiyo milioni 3, ukitoa wa ajali, wanabaki kama milioni 2.6. Hao waliuawa na maradhi ya kazi, polepole. Hapa nakusemea kwa uchungu kidogo. Nilipokuwa muuguzi kwenye mkonge, watu walikuwa wanakuja na kikohozi kavu, kifua kinabana, macho mekundu. Nilikuwa naandika "kikohozi", natoa dawa ya maji, mwingine aje. Korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge, tuliiogopa wote kwa sababu iliweza kuvuta mkono mzima, na kila aliyeumizwa na korona aliandikwa. Chumba cha brashi, ambako singa kavu hupigwa mpaka vumbi likasimama hewani kama ukungu wa Lushoto, hakikuandikwa kabisa. Daftari langu halikuwa na safu ya idara. Mwaka wa tatu nilichukua rula nikaipiga safu hiyo mwenyewe, na wiki chache tu zikatosha, kikohozi kingi kilikuwa cha brashi. Miaka miwili kabla ya hapo nilikuwa nimewagawia dawa ya maji na kuwarudisha mle mle. Kwa hiyo kwenye ripoti yako weka safu ya idara, hata kwa mafua.

SWALI: Mama, shikamoo. Bosi katununulia glavu nzito za ngozi, kasema tuvae muda wote, asiyevaa anakatwa posho. Fundi mkuu yeye anakataza, anasema tusivae kwenye drili ya kusimama na mashine ya kukereza. Tumfuate nani? (Fundi mchundo, Mwanza)

JIBU: Mfuateni fundi mkuu. Bosi nia yake ni njema na glavu hizo zina kazi yake, kubeba mabati yenye makali, kushika vyuma vya moto, kupakua mbao mbichi zenye vibanzi. Lakini mashine inayozunguka ikinasa ncha ya glavu haiachi. Ngozi haikatiki upesi, kwa hiyo badala ya kukatwa kidole unavutwa mkono wote kabla hujawahi kusema neno. Mkono mtupu ukiguswa na drili unachubuka na unarudi. Ni hivyo hivyo kwa mikono mirefu ya shati isiyofungwa, kamba ya kitambulisho shingoni, pete, na kwa dada zetu ncha ya kanga au mtandio. Kipande cha chuma kishikwe kwa vaisi, kisishikwe kwa mkono hata kama shimo ni moja. Kwenye grainda hoja ni nyingine, pale kitu cha kwanza ni miwani na kava ya diski.

Mwambieni bosi kwa adabu mkiwa na fundi mkuu mbele, msimwendee mmoja mmoja. Pesa aliyotumia haikupotea, abandike tu karatasi kwenye kila mashine: hapa glavu, hapa bila glavu.

SWALI: Mama, nisaidie. Mume wangu ni saidia fundi hapa Dodoma. Wiki tatu zilizopita alikuwa juu ya mirunda, ghorofa ya pili, anapokea ndoo za zege. Ubao aliokanyaga haukuwa umefungwa, ukageuka, akaanguka. Kavunjika paja na nyonga. Mkandarasi alilipa gari la kumfikisha hospitali. Juzi kaja nyumbani na shilingi 200,000 na karatasi ya kusaini, imeandikwa kwamba tumemalizana. Anasema kibarua hana fidia kwa kuwa hana mkataba. Tuna watoto watatu. Nifanye nini? (Mke wa saidia fundi, Dodoma)

JIBU: Pole sana mwanangu, mpe pole na baba watoto. Usisaini. Kama ameacha pesa bila saini, andika tarehe na kiasi, ni msaada, haizuii chochote. Kama pesa ni sharti la saini, mrudishie mbele ya mjumbe au jirani.

Alichokuambia kuhusu kibarua si kweli. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inamtambua mfanyakazi hata kama mkataba wake ni wa mdomo, hata kama analipwa kwa siku au kwa kazi, na kibarua aliyeajiriwa kwa shughuli za mwajiri yumo. Kwa sheria hiyo upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao watu wanauita WCF, na umekuwa ukifanya kazi Tanzania Bara tangu Julai 2015. Mwajiri ndiye anayechangia. Kwa sekta binafsi ni asilimia 0.5 ya mishahara, na haruhusiwi kumkata mfanyakazi hata senti. Kama mkandarasi hakujisajili, kosa ni lake, lisikuzuie wewe kwenda kwenye ofisi ya Mfuko.

Mwajiri alitakiwa kupeleka taarifa ya ajali ndani ya siku saba za kazi tangu aijue. Wiki tatu zimepita. Asipopeleka, nenda wewe, au ndugu wa mgonjwa. Madai yanatakiwa yafike ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali, lakini msingoje hata mwezi mmoja, kwa sababu kule kwenye jengo mirunda inafunguliwa na vibarua wanahamia saiti nyingine.

Leo hii tuma mtu akapige picha pale alipoangukia, ubao uonekane, na tarehe ya simu isifutwe. Chukua majina na namba za wenzake wawili au watatu waliomwona. Kwenye simu ya mumeo tafuta meseji za malipo. Kama mkandarasi au nyapara alikuwa anamtumia posho kwa simu, kila meseji ni ushahidi kwamba alikuwa mfanyakazi wake, na mimi nimeona mtu aliyeambiwa "hatukufahamu" akasaidiwa na meseji za namna hiyo tu. Hospitali waombe waandike kwenye faili kwamba ameanguka akiwa kazini. Mara nyingi huandikwa "ameanguka" likaishia hapo, kama vile ameteleza bafuni.

Madai yakikubaliwa, matibabu yanalipwa na Mfuko. Kwa kipindi ambacho hawezi kufanya kazi analipwa asilimia 70 ya kipato chake, na malipo hayo yanaweza kufika miezi 24. Akishapona kadiri ya kupona, madaktari watapima kama amebaki na ulemavu wa kudumu. Ukiwa hauzidi asilimia 30 hulipwa mkupuo mmoja, ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Nyonga na paja kwa mtu wa kupanda mirunda si jambo dogo, kwa hiyo tathmini hiyo isirukwe hata akijisikia ana nguvu. Linganisha na 200,000 ndipo uone alichokuja kukununulia.

Kuna na wale waliobaki juu ya mirunda ile. Wapelekee taarifa watu wa OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Ubao wa kukanyaga ulitakiwa ufungwe pande zote mbili, na kuwe na kizuizi cha mkono upande wa nje. Huo uliomwangusha mumeo huenda mpaka leo umelala pale pale, na kuna kijana mwingine anapokea ndoo. Mumeo hayupo kwenye daftari la yeyote hivi sasa, na kwa hesabu za mkandarasi saiti yake bado haina ajali.

Unapopeleka barua kwenye ofisi yoyote, nenda na nakala mbili. Moja wabaki nayo, ya pili wagonge muhuri na tarehe urudi nayo nyumbani, na hiyo ya muhuri usimwachie mtu, hata akikuambia anakwenda kuitoa kopi.